MICHEZO YA MEZANI: Siri ya kumsawazisha mpiganaji ambaye pia ni mchawi

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili za njia panda, akatia mguu mmoja huku na mwingine kule, na mwishowe akapasuka msamba.

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, kisa cha fisi huyo kimekuwa kikiwasumbua watunzi wa aina moja ya mchezo wa mezani. Swali lao ni hili: je, yawezekana mhusika mmoja awe hodari wa upanga na wakati huo huo awe bingwa wa uchawi, bila ya kuuharibu mchezo mzima?

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kuchapishwa mwaka wa 1974. Kampuni iliyouchapisha, TSR, ilianzia Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Tangu wakati huo michezo mingine mingi ya jinsi hiyo imeibuka.

Tofauti na drafti, bao au karata, mchezo huu hauna mshindi wala mshinde. Mmoja wa wanaoketi mezani huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali kikosi kilipo, mazimwi yanayokivizia na hazina iliyofichwa pangoni. Wenzake, aghalabu watatu hadi watano, kila mmoja humwakilisha mhusika wake na kusema atakalotenda. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Iliyo mashuhuri zaidi ina pande 20.

Kila mhusika huwa na fani yake. Mpiganaji huvaa deraya, hushika upanga na hustahimili mapigo mengi. Mchawi hana deraya na mwili wake ni dhaifu, lakini neno lake moja laweza kuliteketeza kundi zima la maadui.

Yafaa ieleweke kwamba mchawi wa mchezo huu si yule anayesemekana kumroga jirani usiku wa manane. Huyu ni msomi wa hadithini, aliyeipata elimu yake vitabuni kwa miaka mingi. Kila tendo lake la kichawi tutaliita tamko. Matamko yake makubwa yana hesabu: akiyamaliza ya siku hiyo, itambidi apumzike kwanza ndipo ayapate tena.

Mgawanyo huu wa kazi ndio roho ya mchezo. Mlango ukifungwa kwa uchawi, wote humgeukia mchawi. Zimwi likiruka mbele, wote hujificha nyuma ya mpiganaji. Kila anayeketi mezani hupata saa yake ya kuhitajiwa na wenzake.

Mahali pa kwenda kombo

Mchezaji anayemtaka mpiganaji-mchawi hana kosa. Picha ya shujaa anayeuchomoa upanga unaowaka moto yapendeza. Tatizo huanza pale fani hiyo inapoandikwa kwenye kanuni.

Mtunzi akiwa mkarimu kupita kiasi, atampata mhusika anayepiga kama mpiganaji na kuroga kama mchawi. Rafiki aliyechagua kuwa mpiganaji halisi atagundua, baada ya majuma mawili, kwamba hahitajiwi tena. Ataketi akichezea simu yake wakati wenzake wanapigana, na juma la tatu hatakuja.

Mtunzi akiwa bahili, atampata mtu ambaye upanga wake hauchubui na uchawi wake hauumi. Hapo anayeketi bila kazi ni mwenye mhusika huyo.

Kwa hivyo, usawa unaozungumziwa hapa si hesabu tupu. Kinachotafutwa ni kwamba watu walioacha shughuli zao ili wacheze pamoja kwa saa tatu au nne, wote wawe na la kutenda.

Kulipa kabla ya kula

Katika toleo la kwanza la mwaka wa 1974, mchawi hakuruhusiwa kuvaa deraya wala kushika silaha kubwa kuliko kisu. Aliyetaka yote mawili alilazimika kuwa elfi, yaani kiumbe wa ngano za Ulaya. Elfi aliweza kuwa mpiganaji katika safari moja na mchawi katika nyingine, lakini hakuruhusiwa kubadilisha safari ikiwa imeanza.

Mwaka wa 1981, katika toleo jepesi lililohaririwa na Tom Moldvay, elfi alipewa upanga na matamko kwa pamoja. Gharama yake iliwekwa kwenye alama za tajriba, ambazo mhusika huzikusanya ili apande ngazi. Ili kufika ngazi ya pili, mpiganaji alihitaji alama 2,000 na mchawi alama 2,500. Elfi alihitaji 4,000.

Toleo jingine, lile la wakongwe la mwaka wa 1978, lilitumia njia ya kugawa. Aliyekuwa na fani mbili aligawanya alama zake nusu kwa nusu, na kila fani ikapanda ngazi kivyake.

Kwa mtazamo wa haraka, njia hiyo yaonekana ya haki. Lakini hebu tupige hesabu. Katika toleo hilo, alama zilizohitajika zilikaribia kuongezeka maradufu katika ngazi nyingi za mwanzo. Kwa hivyo, aliyezigawa mara mbili alibaki nyuma kwa takriban ngazi moja tu.

Mathalani, mpiganaji mwenye alama 40,000 alikuwa katika ngazi ya 6, na mchawi mwenye alama kama hizo alikuwa katika ngazi ya 5. Aliyezigawa alama hizo 20,000 kwa 20,000 alikuwa mpiganaji wa ngazi ya 5 na pia mchawi wa ngazi ya 4. Alipoteza ngazi moja upande huu na moja upande ule, akapata fani nzima ya ziada.

Dawa iliyokuwepo ni kikomo cha ngazi walichowekewa elfi na jamii nyingine zisizo za binadamu. Dawa hiyo nayo ilikuja kuchelewa, kwa kuwa makundi mengi ya wachezaji hayakufika huko juu. Walioumia waliumia mwanzoni, na adhabu ikaja wakati mchezo umekwisha.

Mzani ulipoelemea upande wa pili

Toleo la tatu lilitoka mwaka wa 2000 chini ya kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo ilikuwa imeinunua TSR mwaka wa 1997. Safari hii kila mhusika alikuwa na ngazi moja ya jumla, na kila alipopanda alichagua fani ya kuiongezea.

Matokeo yakawa kinyume. Mhusika wa ngazi ya 10 aliyegawanya tano kwa tano aliweza tu matamko ya daraja la tatu, ilhali mchawi halisi wa ngazi ya 10 alikuwa amefika daraja la tano. Tamko la mpira wa moto lililotupwa na mchawi halisi lilirushiwa dadu 10, na lake dadu 5. Kwa upande wa upanga, nyongeza ya msingi ya mpiganaji halisi katika kulenga shabaha ilikuwa 10, na yake 7.

Isitoshe, deraya ilikuwa na asilimia yake ya kuliharibu tamko. Deraya kamili ya chuma ilikuwa na asilimia 35. Mpiganaji-mchawi aliyeivaa alikuwa akijirogea bure zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu.

Huyu sasa ndiye fisi wa methali. Mazimwi ya ngazi ya 10 yalitungwa yakabiliane na upanga wa ngazi ya 10 au uchawi wa ngazi ya 10. Mtu mwenye nusu ya kila kimoja alikuwa hana kimoja kinachotosha, maadamu katika zamu yake alitenda jambo moja tu: kupiga au kutamka.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Mapambano ya mchezo huu huenda kwa zamu, na zamu ni kama mdomo wa chupa. Hata chupa iwe kubwa namna gani, maji hutoka kwa kadiri ya mdomo wake. Mhusika mwenye ujuzi wa aina 20 hutumia mmoja kwa wakati.

Kulipa wakati wa kula

Watunzi waliofuata walianza kuiangalia zamu badala ya ngazi. Mwaka wa 2011, kampuni ya Paizo ilichapisha fani iitwayo Magus katika mchezo wake wa Pathfinder. Magus hushika silaha kwa mkono mmoja na kuuacha wa pili wazi kwa ajili ya uchawi. Huweza kupiga na kutamka katika zamu moja, lakini hupunguziwa 2 katika kila pigo. Aidha, huweza kulipitisha tamko kwenye upanga wenyewe, na matamko yake huishia daraja la sita ilhali ya mchawi hufika la tisa.

Tazama jinsi gharama ilivyohama. Mchezaji wa Magus halipi miezi kabla ya pambano. Hulipa papo hapo: hana ngao kwa kuwa mkono wa pili una kazi, na shabaha yake inapungua kidogo. Kila zamu anajiuliza kama bei hiyo inafaa.

Hata hivyo, Magus naye hakukosa ila. Wachezaji waligundua kwamba tamko moja dogo la umeme, likiambatanishwa na upanga wa jambia uliopinda ambao mara kwa mara huzidisha majeraha, lilishinda karibu kila njia nyingine. Wahusika wengi wa fani hiyo wakafanana kama mapacha. Palipo na jibu moja tu lililo bora, uchaguzi unakuwa haupo.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka wa 2014, lilimleta Eldritch Knight. Huyu kwanza ni mpiganaji, na uchawi kwake ni kitoweo. Huanza kutamka katika ngazi ya 3 na hufikia matamko ya daraja la nne akiwa ngazi ya 19. Mchawi halisi hufikia daraja la tisa katika ngazi ya 17.

Toleo hilo lilileta pia kanuni ya umakinifu. Matamko mengi yanayodumu humtaka mwenyewe aikaze akili, na hawezi kuyashikilia mawili ya aina hiyo kwa pamoja. Akijeruhiwa hurusha dadu, na lazima apate angalau 10, au nusu ya majeraha ikiwa ni zaidi ya hapo. Akishindwa, tamko huvunjika.

Kanuni hii haimtaji mpiganaji-mchawi kwa jina, lakini ndiye inayembana kuliko wote. Mchawi huikaza akili akiwa amejificha nyuma. Huyu huikaza akiwa uso kwa uso na zimwi.

Kujijengea fani mwenyewe

Tuseme basi msomaji ameombwa na wenzake awatungie fani hii. Aanzie wapi?

Jambo la kwanza ni kupima wanachokifanya wenye fani halisi. Tuchukue ngazi ya 5 katika toleo la mwaka wa 2014. Mpiganaji hupiga mara mbili kwa zamu. Upanga wake una dadu ya pande 8, ambayo wastani wake ni 4.5, pamoja na nyongeza ya 4 kwa nguvu zake. Kila pigo linalompata adui ni wastani wa 8.5.

Tuseme adui hupigwa dadu ya pande 20 ikionyesha 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Mapigo mawili, mara 8.5, mara asilimia 65, ni takriban 11 kwa zamu. Katika pambano la zamu nne, mpiganaji huleta majeraha 44, bila kuhesabu mapigo ya bahati.

Sasa mjengee mpiganaji-mchawi. Kwa kuwa alama zake za kuzaliwa zimegawanywa kati ya mwili na akili, nyongeza yake ni 3, na shabaha yake inashuka hadi asilimia 60. Akipiga mara mbili bila uchawi, anapata 9 kwa zamu. Tayari yuko chini ya mpiganaji, na hakuna aliyemwadhibu kwa kanuni ya ziada.

Kisha mpe kipawa chake: mara nne kwa siku, anaweza kuacha mapigo mawili na kupiga moja tu lililobeba tamko. Pigo hilo liongezewe dadu nne za pande 6, wastani wa 14. Likipata ni 21.5, na kwa asilimia 60 ni karibu 13. Likikosa, tamko limepotea.

Katika pambano la zamu nne, akitumia matamko mawili, atapata takriban 26 na 18, jumla 44. Amelingana na mpiganaji. Akiyatumia yote manne kwa mkupuo, atapata karibu 52 na kumpita. Siku ikiwa na mapambano matatu, mpiganaji atamaliza na takriban 133 na yeye na 124.

Matokeo hayo yanaridhisha. Kuna saa anang'ara, na kuna siku ndefu ambayo mpiganaji ndiye anayebaki amesimama. Kile anachopungukiwa kwa majeraha anakipata kwa hiari: akiba ile ile aweze kuitumia kuruka korongo, kujikinga na moto au kuuangaza upanga gizani.

La pili ni kumwachia mchawi uwanja wake. Fani hii isipewe tamko la kuliunguza kundi zima, wala la kuufungua mlango uliorogwa. Uchawi wake uishie urefu wa upanga wake. Mchezaji atapata ladha ya mchawi bila ya kumnyang'anya rafiki yake sahani.

La tatu ni kuuziba mlango wa nyuma. Mwaka wa 2017 ilitoka aina ya mchawi iitwayo Hexblade, ambaye tangu ngazi ya 1 aliweza kutumia mvuto wa nafsi yake badala ya nguvu za mwili kupigia silaha, na akapewa pia deraya ya kadiri na ngao. Wachezaji wa fani nyingine zinazotegemea mvuto huo waligundua kwamba ngazi moja tu ya huko yatosha kuchuma matunda yote. Kipawa kikuu cha fani kisiwekwe mlangoni. Kiwekwe ndani, ili akipate aliyeamua kukaa.

Mtihani wa mwisho ni mezani

Hesabu zilizotangulia zina dhana moja iliyofichika, nayo ni kwamba siku ina mapambano matatu. Wapo wasimulizi ambao huweka pambano moja tu kubwa katika mkutano mzima. Katika meza ya namna hiyo, mpiganaji-mchawi atamwaga akiba yote kila mara, na mpiganaji halisi ataachwa kila mara.

Dawa yake ni nyepesi. Badala ya matamko manne kwa siku, apewe mawili, yarejee kila anapopumzika baada ya pambano. Siku iwe ndefu au fupi, mizani haitahama.

Ndiyo sababu hakuna fani iliyosawazishwa kwenye karatasi pekee. Mtunzi aichezeshe kwa mikutano kadhaa, mpiganaji halisi na mchawi halisi wakiwepo. Asiwaulize kama fani mpya ni nzuri, kwa kuwa mwenye nayo atasema ndiyo. Awatazame wale wawili wengine. Zamu yao ikifika, je, wanainama mbele kuchukua dadu, au wanasubiri tu iwapite?

Wasimulizi wa kale wa Afrika Mashariki wangelielewa jambo hili bila kufundishwa. Luanda Magere wa ngano za Waluo alikuwa na mwili wa jiwe usiopenya mkuki, lakini nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, na hapo ndipo alipochomwa. Fumo Liyongo wa pwani hakuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni.

Masimulizi hayo hayakuwapunguza mashujaa hao ukubwa. Yaliwapa bei, na bei hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji ashike roho mkononi hadi mwisho.

Fisi wetu hakukosea kuitamani nyama ya pande zote mbili. Alikosea kutaka kupita njia zote mbili kwa hatua moja. Mpiganaji-mchawi aliyetungwa vyema husimama njia panda kila zamu, akachagua moja, akaiacha nyingine, na wenzake wakaipita ile aliyoiacha.